Apolinaria na Moto Unaoleta Baridi

Shangazi yangu Apolinaria alikuwa na pua iliyosemwa na watu wa Ndala tangu akiwa msichana. Alikuwa akipita njiani anakuambia nyumba ile wanakaanga karanga, pale maziwa yameungua, na kwa fulani kuna mbwa aliyelowa ndani. Baba yangu, ambaye ni kaka yake, alimtania kwamba angezaliwa mwanamume wawindaji wangepigana ngumi kumgombea.

Aliolewa na Damas, mtu wa reli, wakahamia Kaliua kwenye nyumba za matofali za karibu na stesheni. Damas alikuwa mpole, mpenda kucheka, na walipendana. Hawakujaliwa mtoto. Masika moja homa ilimkamata Damas, na kabla mahindi hayajakauka shambani Apolinaria alikuwa mjane. Akafunga vyombo vyake, akapanda treni kurudi Tabora. Huko alifanya kazi ya yaya kwa bwana mmoja wa reli, mpaka bwana yule na mkewe waliporudi kwao Uingereza. Ndipo akaenda kubisha hodi kwa masista wa misheni, nje kidogo ya mji.

Aliyemfungulia ni Sista Benedikta, mwuguzi Mholanzi, mrefu, mwenye hatua za mtu anayevuka mto. Alimtazama juu mpaka chini.

"Unaogopa damu?"

"Hapana, Sista."

"Unaogopa watoto wanaolia?"

"Nimelea wa watu sita, Sista."

"Basi njoo kesho."

Kazi yake ikawa kuchemsha sindano, kufua mashuka, na kuwapanga akina mama foleni. Aliipenda. Alikuwa na chumba chake, kitanda chake, na Jumapili alikwenda kanisani akiwa na kitenge kilichopigwa pasi. Alituambia baadaye kwamba huzuni haikumwisha katika miaka hiyo, ila ilijifunza kukaa kimya pembeni na kumwacha afanye kazi.

Wakati huo ule mradi mkubwa wa karanga wa Urambo ulikuwa umekwisha kufa. Wazungu wengi waliokuja kulima kwa trekta walikuwa wameondoka, na vitu vyao viliuzwa kwa yeyote aliyekuwa na haja: mabati, vitanda, mapipa, majembe ya chuma. Misheni ikapata nyumba ya magurudumu, ya kukokotwa na gari, aliyokuwa akiishi msimamizi mmoja huko porini. Ilikuwa na paa la mviringo, madirisha madogo na rangi ya majani yaliyonyauka. Lukumani, dereva wa misheni, Mmanyema wa mtaa wa Ng'ambo pale Tabora ambaye hakupitisha siku bila utani, aliizunguka mara moja akasema, "Huyu ni kobe." Jina likaganda. Hata Sista Benedikta akawa anasema, "Kesho tunatoka na Kobe."

Kobe aligeuzwa kuwa zahanati ya kutembea. Ndani mlikuwa na meza, makabati, taa ya ukutani, jiko la macho mawili na friji ndogo nyeupe. Jiko, taa na friji, vyote vilikula kutoka mtungi mmoja wa chuma uliosimama nje, mbele ya nyumba, umefungwa kwa mkanda. Mtungi huo ulijaa gesi, nayo ilikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam.

Jiko na taa havikuwasumbua watu akili. Friji ndiyo iliyowasumbua. Nyuma yake, chini kabisa, kulikuwa na moto mdogo wa bluu, mdogo kama wa mshumaa unaokaribia kuzimika. Moto huo ndio uliotia baridi ndani. Apolinaria alikuwa ameona friji ya mafuta ya taa kule kwa bwana wa reli, inayofanya kazi kwa njia ile ile, kwa hiyo hakushangaa sana. Lukumani alishangaa kwa niaba ya wote.

"Dada Apolinaria, moto unaoleta baridi! Siku utakapoona barafu inapika ugali, niite."

Fundi aliyekuja kuwafundisha ni Mgoa wa karakana ya reli, mzee Raymundi, mtu wa maneno machache na mikono iliyojaa grisi. Alikaa nao alasiri nzima, akiwaonyesha Lukumani na Apolinaria koki ya mtungi, mpira unaopeleka gesi ndani, na vitundu vidogo vinavyoitoa penye moto.

"Gesi hii ni nzito," aliwaambia. "Haipandi juu kama moshi. Inalala sakafuni kama maji. Ikivuja, funga koki, fungua mlango, toa watu, na usiwashe kitu mpaka imetoka yote. Imetiwa harufu mbaya makusudi, ili ujue. Nani kati yenu ana pua nzuri?"

Lukumani alicheka mpaka akakaa chini. Mzee Raymundi hakujua kilichomchekesha. Aliendelea. Moto mzuri ni wa bluu. Ukiwa wa manjano na sufuria zikashika masizi, ujue pana uchafu. Pa kuvuja patafutwe kwa sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Na kitundu kikiziba kisichokonolewe kwa waya wala sindano, maana kikipanuka hata kidogo moto hautatulia tena. Kioshwe kwa spiriti, kipulizwe. Akawarudisha nyuma wayaseme yote, kama watoto wa katekisimu.

Miezi ya kwanza Kobe alikwenda vizuri, akikokotwa na gari la misheni kupitia vijiji vya njia ya zamani, ile waliyopita wapagazi wakielekea Ujiji, ambayo sasa reli inaifuata. Hatari ya kweli waliionja Usoke. Apolinaria alikuwa akichemsha sindano, akina mama wamejaa mlangoni, na bibi mmoja amekaa kwenye ngazi na kiko chake mdomoni, kinafuka. Ghafla Apolinaria akainua kichwa. Harufu ilikuwa nyembamba sana, kama kitunguu kilichooza ndani ya gunia la chumba cha pili. Alizima jiko, akaruka nje juu ya magoti ya watu, akafunga koki ya mtungi, kisha akarudi kwa yule bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba uniazime kiko chako."

"Nawe unavuta?"

"Leo navuta."

Akakipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, akaenda nacho mbali mpaka chini ya mti wa mninga, akakifukia mchangani. Bibi aliudhika sana, na ilibidi Sista Benedikta amweleze mwenyewe. Watu walipokwisha kutoka na mlango umeachwa wazi muda wa kutosha, Lukumani alikoroga sabuni kwenye kopo.

"Hii kazi naijua," alisema. "Ni kutafuta pancha tu."

Waliifungua koki kidogo, akapaka povu kwenye mpira kidogo kidogo. Karibu na ukuta povu likaanza kuvimba na kupasuka. Panya alikuwa ameutafuna mpira. Kwa bahati ilikuwa karibu na ncha, wakakata kipande kile, wakakaza upya kwa klipu, wakapaka sabuni tena mpaka ikatulia. Apolinaria alikwenda kufukua kiko, akakipangusa kwa khanga yake na kukirudisha. Jioni hiyo walipokuwa wakila Sista alimshika bega, naye akaona amelipwa vya kutosha.

Baada ya hapo mambo ya gesi yote yakawa yake. Hakuna aliyemteua. Watu walizoea tu kusema, "Mwite Apolinaria."

Kiangazi kilichofuata walitumwa kuchanja ndui upande wa Ulyankulu. Wakati huo huko kulikuwa na vijiji vichache vilivyotawanyika katika pori la miombo, na njia ilikuwa ya mashimo na vumbi. Dawa ya chanjo ililazimika kukaa kwenye baridi. Ikipata joto, huwa umemkwaruza mtu mkono bure. Waliiweka kwenye friji wakaondoka Tabora alfajiri. Njiani Kobe alirushwa na kuyumbishwa mpaka sahani mbili zikavunjika. Walifika jua likizama, wakaegesha panapofaa, wakalala.

Asubuhi Apolinaria alifungua friji kutoa dawa. Badala ya baridi, alikutana na hewa vuguvugu kama pumzi ya mtu.

Alimwita Sista. Sista aliingiza mkono, akautoa, akakunja uso. Nje watu walikuwa wamekwisha kuanza kufika, wengine wametembea tangu jana yake, wakisalimiana mwangaluka, mwangaluka, na kukaa vivulini na watoto wao.

"Kwanza dawa," alisema Sista. "Tuiokoe kwanza, kisha tuulize maswali."

Wakamwomba mama wa nyumba ya jirani chungu kipya cha maji. Wakaiweka dawa ndani ya kopo, kopo ndani ya chungu, chungu ndani ya gunia lililoloweshwa, vyote kivulini penye upepo. Sista alisema haitavumilia huko zaidi ya siku hiyo.

Ndipo Apolinaria akaenda nyuma ya friji na kulala kifudifudi. Moto ulikuwepo, wa bluu, haujafifia. Kwa hiyo gesi ilikuwa inafika. Akagusa bomba la juu la kutolea joto, likawa limepoa, nalo lilipaswa kuwa la moto. Akakaa akifikiri. Kisha akateka maji kwenye sufuria pana, akaiweka juu ya friji na kuchungulia kutoka ubavuni. Maji yalikuwa yamepanda ukingo mmoja na kuacha mwingine mkavu.

"Lukumani! Umetuegesha kwenye kichuguu?"

Lukumani alitoka kutazama. Gurudumu moja lilikuwa limekanyaga kichuguu cha zamani kilichofunikwa na nyasi. "Mimi niliona nimelala vizuri sana," alisema, "kichwa juu kama sultani." Friji ya namna ile haitaki kuinama, maji ya kupozea yaliyomo kwenye mabomba yake hukwama. Wakachimba chini ya gurudumu, wakasawazisha nyumba mpaka maji kwenye sufuria yakalala sawa, wakangoja. Saa zikapita. Sista akaendelea kutibu macho na vidonda vya watu huku akitupa jicho dirishani. Friji ikabaki vuguvugu vile vile.

Apolinaria akakumbuka kitu, na alikiogopa hata kukisema. Kule kwa bwana wa reli, friji ya mafuta ya taa iligoma mara moja baada ya kusafirishwa kutoka Kigoma. Mpishi wa nyumba ile aliipindua kichwa chini miguu juu, akaiacha, akaisimamisha tena, ikafufuka. Yeye Apolinaria alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Aliona kwa macho yake. Lakini mpishi yule angeweza kuwa na bahati tu.

Alimwambia Sista. Lukumani aliposikia akashika kichwa.

"Kuipindua? Dada, hiki si chungu cha ugali!"

"Najua."

"Ikivunjika je?"

"Sasa hivi inafanya kazi gani?"

Sista Benedikta akaanza kukunja mikono ya kanzu yake. "Kule kwetu," alisema, "baba yangu alikuwa akitikisa saa ya ukutani ikisimama. Nusu ya mara ilikubali. Tuipindue."

Friji ilikuwa nzito, nao walikuwa watatu, mmoja wao sista. Apolinaria alitoka mlangoni akauliza kama kuna mtu mwenye nguvu. Kutoka kivulini akasimama mwanamume mpana wa mabega, mwenye makovu madogo madogo usoni. Alikuwa amemleta mama yake mzee. Jina lake Kashindye, mrina asali.

Apolinaria alifunga koki ya mtungi, wakafungua mpira, wakaitoa friji nje taratibu, wakaipindua juu ya magunia. Ndani yake kukasikika sauti ya maji yakishuka, glu, glu, glu, kama ng'ombe anayekunywa. Watu wote wa foleni walikaribia kusikiliza. Mama yake Kashindye akasema kwa sauti, "Kumbe ilikuwa na kiu!" na hata Sista akacheka.

Wakaiacha hivyo muda mrefu, wakaisimamisha, wakaiacha tena itulie. Jua lilikuwa limeanza kuinama walipoirudisha mahali pake, wakafunga mpira, wakapaka sabuni. Hakuna povu lililovimba. Apolinaria akawasha kiberiti. Moto haukushika. Akajaribu tena. Ulitokea ulimi wa manjano ukatapika masizi, ukafa.

Apolinaria aliniambia kwamba hapo nusura alie. Alikuwa amewashawishi wote, na sasa hata moto uliokuwepo asubuhi haupo. Lukumani, kwa moyo mwema, akamletea sindano ya kuzibulia stovu.

"Chokonoa kidogo tu, dada."

Aliitazama sindano ile. Ilikuwa rahisi mno. Kisha akatikisa kichwa. "Mzee Raymundi alikataa. Tukiharibu hapa hatuna kingine."

Akafunga koki, akakifungua kile kipande chenye kitundu kwa spana ndogo, akakiweka kiganjani. Kilikuwa kimejaa udongo mwekundu, laini, uliokauka. Udongo ndani ya bomba la chuma! Kashindye, ambaye alikuwa hajaondoka ingawa hakuna aliyekuwa akimhitaji tena, aliinama kutazama.

"Huyo ni nyigu," alisema. "Nyigu wa udongo. Anajenga penye tundu lolote. Hata mizinga yangu ananizibia. Kiota kitakuwa humo ndani. Mlipoipindua kimevunjika, kimedondokea hapa."

Na kweli, Apolinaria alipochungulia kwa kurunzi kwenye njia ya moto aliona mabaki ya kiota, na ndani yake buibui mdogo aliyekauka, chakula cha mtoto wa nyigu. Wakafuta udongo wote kwa kitambaa. Kitundu wakakiloweka kwenye spiriti, Apolinaria akakipuliza. Kikakataa. Akampa Kashindye, ambaye maisha yake yote amepulizia moshi kwenye mizinga. Kashindye akajaza mashavu, akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na chembe nyekundu ikaruka.

"Nipe," Apolinaria akasema. Akakielekeza kwenye jua. Nuru ikapita katikati, duara safi.

Safari hii moto ulishika mara moja, wa bluu, mtulivu. Hawakushangilia, kwa kuwa bado walikuwa hawajajua kama kuipindua kule kumesaidia. Apolinaria alikaa sakafuni, mkono kwenye bomba. Polepole likaanza kupata moto mpaka akashindwa kulishika. Giza lilipoanza kuingia alifungua mlango wa friji na kuweka kiganja kwenye bati la ndani. Lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Wakairudisha dawa humo, Apolinaria akaenda kulala bila kula, kwa uchovu.

Asubuhi palikuwa na ukungu mweupe wa barafu kwenye bati. Lukumani aliukwangua kwa kijiko akamlambisha kila mtoto aliyekuwa karibu, na watoto walipiga kelele kana kwamba wameungua. Sista alikwaruza mikono mpaka mchana, Apolinaria akifuta kila mkono kabla yake. Mama yake Kashindye alipofika mbele, Apolinaria alimwamkia, akimwita mama kwa Kinyamwezi.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye friji?"

"Ni ya masista, mayu."

"Una mume?"

"Alifariki, Mungu amrehemu."

Bibi akageuka nyuma kumtazama mwanawe, kisha akamtazama tena Apolinaria. "Huyu wangu naye mkewe alifariki," alisema. "Lakini analala mapema na hanywi sana." Kashindye, mtu mzima aliyezoea nyuki elfu, aligeuka akaanza kuchunguza gurudumu la Kobe.

Kobe alirudi Ulyankulu mara kadhaa baada ya hapo, na kila mara Kashindye alikuwepo na kibuyu cha asali, akidai amekuja kuuliza kama friji inaendelea vizuri. Lukumani alimjibu kwamba friji inaendelea vizuri kuliko muulizaji. Hatimaye Kashindye aliuliza jambo lenyewe, la ndoa. Apolinaria hakuharakisha. Alikwenda kwanza Kaliua, akapalilia kaburi la Damas, akakaa hapo asubuhi nzima. Aliporudi akasema ndiyo. Kashindye akafundishwa dini, akabatizwa Silasi, jina ambalo halikutumiwa na mtu yeyote isipokuwa padre.

Apolinaria aliendelea kusafiri na Kobe misimu kadhaa, mume akimpokea njiani na kumsindikiza. Baadaye ekseli ya Kobe ilikatika karibu na Urambo, misheni ikapata gari jipya lenye vitanda, na Sista Benedikta akahamishiwa kwingine. Siku ya kuagana alimkumbatia Apolinaria mbele ya watu wote, jambo ambalo masista wa siku hizo hawakulifanya.

Mimi nilimtembelea shangazi huko Ulyankulu nikiwa na umri wa kuota meno ya pili. Nyumba yao ilikuwa ya udongo, imesilibwa vizuri, na alipika kwa kuni kwenye mafiga matatu. Alikuwa amenenepa. Tulikaa juu ya jabali tukianika matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukatwa vipande, na Kashindye alikuwa akirudi kutoka porini, tukimsikia kwa mbali anavyoimba vibaya.

Nilimuuliza kama hatamani kurudi mjini.

"Nikafanye nini mjini?" alisema. Akageuza kipande kimoja, akakigeuza kingine. "Sogeza hivyo vya pembeni, jua limehama. Na umwache mjomba wako aimbe, usimcheke. Amebeba asali."